Safari Yetu ya Ziwa Chala, na Moto Uliokuwa Mlimani



Sisi tukaao Ilemela, katika pande za Mwanza, hatuna haja ya kusafiri ili tuone ziwa. Atokaye mlangoni asubuhi kule Kayenze au Igombe, au apandaye juu ya majabali ya Bwiru na Kirumba, huliona Ziwa Nyanza limetandazwa mbele yake kama mkeka usio na mwisho. Maji yake twayanywa, sato na dagaa wake twawala, na wengi wetu riziki zetu zimo humo. Kwa hiyo jamaa zangu waliposikia ya kuwa nawachukua watoto kwenda kutazama ziwa jingine, tena dogo, mwendo wa siku nzima na zaidi, walinicheka. Mzee mmoja aliniuliza, "Je, samaki amechoka na maji yake hata ayafuate ya wenzake?" Siku ile sikuwa na jawabu. Leo ninalo, nami naona yanipasa kuwasimulia ninyi wenye nyumba, na vijana pia. Kwani nilikwenda kutazama maji, nikarudi na habari ya moto.

Asili ya safari yetu ilikuwa ni harusi. Ndugu mdogo wa mama watoto aliolewa Moshi, siku ya Jumapili tarehe 11 Oktoba 2020. Tulikuwa watu sita: mimi na mke wangu, mama yangu mzazi ambaye watoto humwita Bibi, na watoto wetu watatu, mvulana wa miaka kumi na minne, binti wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wao ambaye alikuwa hajaanza shule. Tuliondoka Mwanza kwa basi kabla ya mapambazuko, tukapita Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Katesh chini ya Mlima Hanang, na Babati, tukaingia Arusha usiku, na Moshi usiku mwingi zaidi.

Wakati ule kiangazi kilikuwa kimekomaa. Nchi ilikuwa ya rangi ya ngozi ya simba, na kila baada ya kitambo tuliona pande za njia mapande meusi, mahali ambapo moto umepita. Mahali pengine magogo yalikuwa yangali yakifuka moshi, wala hapakuwa na mtu karibu. Mwanangu wa kiume alikuwa amekaa dirishani, akiyahesabu mapande yale. Alipofika ishirini na tatu aliacha, akanitazama, kisha akageuza uso. Nilijua sababu, nami nilijitia kulala.

Nikahi ilifungwa baada ya adhuhuri, na baada ya alasiri watu wakaketi kula walima. Furaha ilikuwa tele. Hata magharibi ilipokwisha kusaliwa, mtoto mmoja akaja mbio kutoka nje akisema, "Mlima unawaka!" Tulitoka sote, wanaume kwa wanawake, tukasimama uani. Juu gizani, mahali ambapo mchana huwa hapana ila mawingu, palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umepinda kama ushanga shingoni. Vigelegele vilikatika. Mzee mmoja wa pale, aliyekuwa ameketi tangu asubuhi akifanya mzaha na kila mtu, alivua kofia yake akaishika mkononi, asiseme neno.

Moto ule ulianza mchana wa siku ile ile, mahali paitwapo Whona, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hupumzika wakitoka kituo cha Mandara kwenda Horombo. Siku zilizofuata, wahifadhi, askari, wanafunzi wa vyuo na wanavijiji walipanda mlimani kwa mamia kuuzima, wengi wao wakipiga moto kwa matawi mabichi na kuchimba ardhi kwa majembe, kwani huko juu hakuna bomba wala gari la zimamoto. Ulipokwisha kuzimwa ilionekana ya kuwa umeteketeza kama kilometa za mraba 95 za vichaka na majani ya mlimani. Na taarifa za mwanzo zilisema nini juu ya asili yake? Zilisema ulitoka kwa wachukuzi wa mizigo waliokuwa wakipasha moto chakula cha wapandaji. Ni moto mdogo wa kupashia chakula, basi.

Siku ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba, ni siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, na kazi hupumzika nchi nzima. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema, "Shemeji, msirudi Mwanza hali watoto wameona Moshi mjini tu. Nitawapeleka Chala." Tukapika pilau alfajiri, tukachukua chai, mkeka, dumu la maji, na jiko dogo la makaa ili tupashe chakula huko. Tukaondoka kwa gari lake, watu wanane pamoja na mkewe, tukashika njia ya Himo, kisha ya kuelekea Holili mpakani, na kabla ya kufika mpakani tukaingia njia ya vumbi upande wa kushoto.

Tulipoacha lami, nchi ilibadilika. Migomba na mikahawa ya Wachaga ilibaki nyuma yetu, juu mlimani. Huku chini palikuwa na vichaka vikavu, miti iliyopukutika majani, na nyasi zilizofika kiunoni, kavu kama karatasi. Binti yangu aliuliza, "Mjomba, ziwa litakaaje mahali pakavu hivi?" Mjomba wake akacheka, akasema, "Ngoja, mwanangu."

Kwa kweli hata tulipofika hatukuona ziwa. Tuliona kilima kirefu kisicho na kilele, kama chungu kilichokatwa mdomo. Tukapanda kwa miguu, Bibi akishikwa mkono na wajukuu wake. Na tulipofika juu ya ukingo, nchi ikakatika ghafula mbele ya miguu yetu, na chini kabisa, kiasi cha urefu wa mnazi mara nne au tano, yalikuwapo maji. Rangi yake ilikuwa buluu iliyochanganyika na kijani, nayo yametulia kimya, yamezungukwa pande zote na kuta za mawe na miti. Hakuna mto uingiao, wala mto utokao. Mama watoto alisema, "Subhanallah," akanyamaza. Mdogo wetu alishika kanzu yangu kwa mikono miwili.

Sasa nitawaeleza vijana jambo hili limekuwaje. Ziwa Nyanza letu si ziwa la volkano. Lilifanyika nchi ilipoinuka upande wa magharibi, mito ikazuiwa, maji yakatuama katika bonde pana lisilo na kina kikubwa. Na majabali ya Mwanza yanayolizunguka ni mawe ya zamani mno, yenye umri upatao miaka milioni 2,500. Ama Chala ni mtoto wa moto. Mlima Kilimanjaro wote, wenye vilele vitatu vya Shira, Mawenzi na Kibo, na kimo cha meta 5,895, ulijengwa na moto utokao chini ya ardhi. Na pembezoni mwake moto huo ulitoboa mahali pengi, ukatoka kwa kishindo, kisha nchi ikaporomoka, likabaki shimo la duara. Shimo kama hilo wataalamu huliita kasoko. Kasoko ya Chala ilijaa maji, na mpaka wa Tanzania na Kenya umepita katikati yake, hata mtu aliyesimama Rombo humwona kwa macho mtu aliyesimama upande wa Taveta.

Tena kuna ajabu nyingine. Eneo la Chala lapata kilometa za mraba nne tu na kidogo, na Nyanza lapata kilometa za mraba 68,800. Lakini ukitafuta kina, Nyanza mahali pake penye kina kuliko pote hapazidi sana meta 80, na Chala hupita meta 90! Nilipowaambia watoto hivyo walipinga, mpaka mjomba wao aliponithibitishia. Mama yangu akasema, "Ndivyo walivyo watu pia. Yuko aliye mpana, na yuko aliye wa kina."

Nalo ni ziwa lenye kumbukumbu. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoboa chini ya maji, wakaichukua tope ya sakafuni kwa kina cha zaidi ya meta 200. Kila mwaka huacha humo tabaka lake, jembamba, jeupe kwa jeusi, kama kurasa za kitabu. Na kurasa hizo zimefika kiasi cha miaka 250,000. Wakati ambapo Nyanza letu lilikauka kabisa, kiasi cha miaka 15,000 na zaidi iliyopita, Chala lilikuwa lingali na maji yake, likiandika. Mvua huandikwa humo, na ukame huandikwa. Na wasomao tope za maziwa husema ya kuwa hata moto huandikwa, maana chembe za makaa ya nyasi hupeperushwa na upepo, zikaanguka majini, zikazama, zikakaa. Mwanangu wa kiume aliposikia hayo aliuliza, "Hata moto wa juzi?" Nikamwambia, "Yamkini hata wa juzi."

Nilimwonyesha mahali ulipo. Kwa kuwa tulifika mapema, mlima ulikuwa haujajifunika. Mawenzi ilisimama mbele yetu na meno yake, Kibo nyuma yake na theluji chache iliyobaki; na chini ya Mawenzi, mbavuni, moshi ulikuwa ukitoka mahali pengi, ukipanda, kisha ukilala upande mmoja kama nguo iliyotupwa.

"Na ziwa hili," shemeji yangu alisema, "lanywa kutoka kule." Akatueleza ya kuwa mvua ya pale ziwani ni kidogo, tena jua ni kali, isingetosha kulijaza. Maji ya Chala hutoka mlimani chini kwa chini: mvua na ukungu hunaswa na misitu ya juu, hunyonywa na ardhi, hutembea gizani ndani ya mawe ya volkano, hata hutokea chini ya ziwa, kisha mengine hupenya tena, yakatoka katika chemchemi za nchi ya chini, watu wa Taveta wakanywa na kumwagilia mashamba. Moto ukila misitu ya juu mwaka baada ya mwaka, mpaka wa msitu hushuka, ukungu hupita bila kunaswa, na anayepungukiwa ni mtu aliye mbali kabisa, ambaye moto hakuuona wala hakuusikia. Nilitikisa kichwa, nikasema, "Ni kweli, shemeji," kama asemavyo mtu aliyesikia jambo la watu wengine.

Wenyeji wana hadithi za kale juu ya ziwa hili. Husimuliwa ya kuwa palikuwapo kijiji, kikazama pamoja na watu na mifugo yake, na kwamba usiku mwingine sauti za ng'ombe husikika zikitoka majini. Watoto waliposikia hayo walitega masikio muda mrefu, lakini tulisikia ndege tu. Tulishuka kidogo kwa njia ya mawe, hatukufika chini kabisa. Kuogelea ni hatari, maana mamba wamepata kuwamo; mwaka 2002 msichana mmoja mgeni aliuawa na mamba akiogelea upande wa Kenya. Kuna samaki pia, aina moja ya perege ambaye asili yake ni humo tu, hakupatikana popote pengine duniani.

Wakati wa adhuhuri ukaingia. Ilikuwa ajabu kwetu kwamba tunalitazama ziwa zima chini yetu na huku tunatawadha kwa maji ya dumu, kidogo kidogo, mtu akimmiminia mwenziwe. Tukasali juu ya ukingo. Kisha mke wangu na wifi yake wakatandika mkeka, nami nikalichukua jiko, nikatia makaa, nikatoa kiberiti.

Bibi aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo haliiti mbele ya wakwe. Akasema, "Mlima unaungua mbele ya macho yako, na nyasi hizi hapa zimekufika kiunoni, nawe wataka kuwasha?"

Nikasema, "Mama, ni jiko tu. Nitaliangalia."

Akasema, "Na yule wa kule juu, yeye alikuwa na nini? Si jiko tu?"

Nikacheka kidogo ili niondoe haya. Nikatazama kando, nikakuta mwanangu amenikazia macho. Hakucheka. Nilikirudisha kiberiti mfukoni, tukala pilau baridi.

Wasomaji wapenzi, sasa imenipasa kuwaambia jambo ambalo mwanangu alilijua, na mama yake hakulijua.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, miezi miwili kabla ya safari hii, nilikwenda shambani kwangu, upande wa Kayenze, pamoja na kijana huyu, ili kulisafisha. Mabua ya mahindi yalikuwa yamelala, nami nikaona uvivu kuyakusanya. Nikayatia moto. Ilikuwa mchana, saa ambayo kila mtu wa Ilemela anajua ya kuwa upepo hutoka ziwani ukaingia nchi kavu. Moto ulivuka mpaka. Jirani yangu upande ule ni mjane, naye siku ile alikuwa Magu kwa binti yake. Tulijitahidi kuuzima kwa matawi, mimi na mwanangu, lakini ulipokwisha ulikuwa umeunguza robo eka ya mihogo yake ya miezi minane, na rundo la nyasi alizokuwa amekata ili aezeke nyumba yake kabla ya mvua.

Hapakuwa na mtu aliyetuona. Tulirudi nyumbani tumenyamaza. Mjane aliporudi, majirani walikwenda kumpa pole, nami nikaenda pamoja nao. Watu walisema, "Moto umepita." Tazameni maneno haya yalivyo, kana kwamba moto una miguu yake na nia yake! Nami nikasema, "Pole, mama. Moto umepita." Kisha ikasemekana ya kuwa ni watoto wa wachungaji, waliokuwa wakiwinda pimbi kwenye majabali, maana ni desturi yao kuchoma nyasi. Mmoja wao, wa umri wa mwanangu, alichapwa na babaye mbele ya watu. Alilia akisema si yeye. Mwanangu alikuwapo. Nami nilikuwapo.

Basi, pale juu ya ukingo wa Chala, baada ya chakula, Bibi akamwambia binti yangu awasimulie wadogo kisa alichojifunza madrasani. Naye, bila kujua lolote, akachagua kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman, kilichotajwa katika Suratul Anbiyaa, cha kondoo walioingia usiku katika shamba la mtu wakaliharibu. Wafasiri wamekieleza ya kuwa Daud alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale wawe badala ya hasara yake. Suleiman, angali kijana, akaona njia nyingine: mwenye shamba awachukue kondoo, apate maziwa na sufu zao, na mwenye kondoo alichukue shamba, alilime na kulitunza mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake.

Mdogo wake akauliza, "Kondoo walijuaje kuwa ni shamba la mtu?"

Binti akasema, "Kondoo hawajui. Mwenyewe ndiye ajuaye."

Hapo mwanangu wa kiume alisimama, akaenda kukaa peke yake juu ya jiwe, uso wake umeelekea mlimani. Nilimfuata. Tulikaa kimya muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, aliyewasha ule wa mlimani atasema?"

Sikuweza kumjibu juu ya mtu wa mlimani. Nikamwambia, "Tukifika nyumbani, mimi nitasema."

Hakusema "Ahsante," wala hakunitazama. Aliokota kijiwe, akakitupa chini ziwani, tukakisubiri, nacho kilikawia sana kufika majini.

Tulirudi Mwanza siku ya Ijumaa. Jumamosi baada ya alfajiri nilimweleza mke wangu, naye alilia. Kisha nikamwendea mwalimu wetu wa msikitini kumwuliza hukumu. Akanieleza ya kuwa wanavyuoni wa fiqhi wamelizungumza jambo hili waziwazi. Mtu akiwasha moto katika ardhi yake, kwa kiasi cha desturi, wakati hapana upepo, na akauangalia, kisha cheche ikaruka bila ya uzembe wake, hana dhamana. Lakini akiwasha siku ya upepo, au moto mkubwa kupita kiasi, basi kilichoharibika ni juu yake kukilipa, hata kama hakukusudia. Akaongeza, "Na yule mtoto aliyepigwa, hilo si la mali. Hilo ni deni la pili."

Nilikwenda kwa mjane, mwanangu akiwa nami, kwani yeye ndiye aliyetaka kuja. Nilimkuta anamenya mihogo michache aliyopewa na watu. Nikamweleza tangu mwanzo hata mwisho. Nilikuwa nimechukua fedha katika bahasha. Alisikiliza asiache kumenya. Nilipomaliza alisema, "Wewe ulikuja hapa ukanipa pole."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akasema, "Ukala na uji wangu."

Nikasema, "Ndiyo."

Aliweka kisu chini. Akasema, "Fedha nitaila mwezi huu itakwisha. Mihogo yangu ilikuwa ya miezi minane. Nipe miezi minane yangu." Kisha akamtazama mwanangu, akasema, "Na kabla ya hayo, nendeni kwa yule mtoto wa watu. Mimi nami nitakwenda, maana mimi ndiye niliyemtaja."

Tulikwenda sote watatu. Nilisema mbele ya babaye, na mbele ya majirani wale wale waliokuwapo siku ya kuchapwa. Sitaeleza aibu niliyoipata. Ilikuwa yangu kwa haki. Baba wa mtoto hakunisemesha kwa siku nyingi baada ya hapo, wala simlaumu. Lakini yule kijana mwenyewe alimwuliza mwanangu, "Kumbe ulijua?" Mwanangu akasema, "Nilijua." Hilo nalo lilikuwa juu yangu, maana nilimfundisha mtoto wangu kunyamaza.

Mvua zilipoanza tuliezeka nyumba ya mjane kwa nyasi tulizonunua, kisha mimi na mwanangu tukalima robo eka ile, tukapanda mbegu za mihogo. Kila wiki tulimpelekea mihogo au mahindi kutoka kwetu, na kila baada ya majuma mawili tulikwenda kupalilia. Miezi minane ilipotimia alikuja kutazama, akang'oa shina moja, akalipima kwa mkono wake, akasema, "Sasa tumefika pale tulipokuwa." Akampa mwanangu lile shina achukue kwa mama yake.

Mlima nao haukupumzika. Tarehe 21 Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka Kilimanjaro, karibu na kambi ya Karanga, watu wakapanda tena na matawi yao. Tuliposikia habari hiyo, mwanangu aliuliza kwanza, "Na Chala?"

Enyi wenye nyumba, najua ya kuwa wengi wetu tunayo mashamba, na kila mwaka ifikapo Julai na Agosti vilima vya Ilemela na Magu huwa vyeusi. Basi nawausia niliyojifunza kwa hasara. Lililo bora ni kutochoma kabisa: mabua yakusanywe yaoze yawe mboji, au yalazwe juu ya ardhi yahifadhi unyevu. Ikiwa hapana budi kuchoma, kwanza limeni ukanda mtupu kulizunguka shamba lote, usiopungua hatua sita, usiwe na jani. Pili, waambieni majirani siku na saa, nao waje. Tatu, fanyeni asubuhi na mapema kabla ya upepo wa ziwani, kwa mafungu madogo, na maji yawepo karibu. Nne, msiondoke mpaka majivu yashikike kwa mkono. Na nchi nayo ina sheria zake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuuacha moto nje, nao viongozi wa mtaa wapo wa kuulizwa.

Nanyi vijana, mnaochoma majani ya vilima ili mmpate pimbi mmoja, kumbukeni ya kuwa moto hauulizi mipaka. Na ikitokea mmekosa, semeni siku ile ile. Neno lililocheleweshwa huzaa riba yake, na mara nyingi riba hiyo hulipwa na mgongo wa mtu mwingine.

Ama yule mzee aliyeniuliza kama samaki amechoka na maji yake, nilimwendea nikamjibu. Nilimwambia, "Mzee, Nyanza ni pana mno, mtu akitupa kitu humo huona kimepotea. Nilihitaji ziwa dogo lenye kina, nisimame ukingoni mwake nitazame chini."

Alifikiri, akasema, "Basi mwaka ujao tutakwenda wote."

Mwenyezi Mungu atuhifadhie misitu yetu, maji yetu na jirani zetu, na atupe moyo wa kusema yaliyo kweli kabla hatujaulizwa. Amin.